Mama anasahau sana, nimpe vitamini B?

Pole dada. Umeuliza kama vidonge vya vitamini B vitamkinga mama na demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili, mi nakwambia usikimbilie duka la dawa, mpeleke kwanza apimwe damu, vitamini B12 na foleti (vitamini B9), maana B12 ikishuka mtu anasahau, miguu inakufa ganzi, anachanganyikiwa mpaka mnasema ni uzee kumbe upungufu tu, na ukiwahiwa mara nyingi unatibika. Anatumia metformini ya sukari au dawa za asidi ya tumbo miaka mingi? Hizo zinaweza kushusha B12, mtajieni daktari. Vipimo vikiwa sawa, vidonge vya ziada havijaonyesha kuzuia demensia, ni kuchoma hela tu. Na asimeze foliki asidi (foleti ya vidonge) peke yake kabla hajapimwa B12, damu inaweza kuonekana safi huku neva zinaharibika kimyakimya.