Jibu: Beluga anapigaje miluzi akiwa amefunga mdomo?

Mwalimu wa Tukuyu, umeuliza beluga, yule nyangumi mweupe wa bahari za barafu za kaskazini, anatoaje sauti bila kufungua mdomo, na kama hayo ni mazungumzo kweli.

Hatumii koo. Chini ya tundu la pua, juu ya kichwa, kuna mikunjo ya nyama inayotetemeka hewa ikisukumwa kupitia hapo. Sauti hupita kwenye bonge la mafuta la paji la uso, ambalo yeye hulibadilisha umbo, kisha hutoka mbele.

Mibofyo, yaani milio mifupi ya kukatika-katika ambayo mwangwi wake humwonyesha kilicho mbele, ni ya kutafutia samaki na nafasi za kupumulia kwenye barafu. Kwa maisha ya kundi, mlio wenye uzito zaidi ni ule wa kuitana kati ya mama na ndama. Fikiria wachungaji wa Kitulo ukungu ukishatanda: hawaonani, wanaitana. Sauti ya ndama mchanga ni hafifu, hivyo kelele za meli, kama kwenye mto St. Lawrence kule Kanada, huifunika na mama anaweza kumpoteza. Hili linastahili kusikitisha kuliko tunavyolichukulia.

Kuiita lugha, mimi nasita. Ila wanajifunza sauti: mwaka 2012 iliripotiwa kuwa beluga aitwaye NOC aliiga mdundo wa usemi wa binadamu.

Kwa darasani, chezesha miluzi tu. Mibofyo hufika kilohezi 120 (kipimo cha wembamba wa sauti), sikio letu hukoma karibu 20. Kupunguza kasi ya rekodi ya simu hakusaidii, maana sauti hizo za juu hazikunaswa tangu mwanzo.