Kaa Wewe Kwanza

Mwanangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema ulikesha siku tatu ukiandika ripoti, mwenzako akaipeleka kwa wakubwa kama yake. Ukaniuliza: "Mama, mlinilea nijishushe, lakini huku mjini anayejishusha ndiye anayekanyagwa. Niendelee tu?"

Kwanza la ripoti. Nenda kwa mkubwa wako, mweleze kwa adabu nani aliiandika. Kuuacha uongo upite si unyenyekevu. Soma Yohana 13 taratibu. Kabla ya kutaja kitambaa na maji, Yohana anasema Yesu alijua kuwa Baba amempa vyote mikononi mwake, na kwamba alitoka kwa Mungu. Ndipo akaondoka mezani, akajifunga kitambaa kiunoni, akawatawadha wanafunzi wake miguu. Aliinama akijua vizuri yeye ni nani. Na Yuda, yule aliyemsaliti, alikuwa bado hajatoka. Naye akatawadhwa miguu.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijawahi kukwambia. Unakumbuka ugomvi wetu na jirani wa kule chini juu ya maji ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba? Zamu ilikuwa yetu, yeye akafungulia usiku, maharage yetu yakakauka. Tulimaliza karibu mwaka bila salamu, na huku tunasali kanisa moja.

Ikafika Sabato ya meza ya Bwana, ile tunayotawadhana miguu kwanza. Mimi nilikuwa kwenye zamu ya mashemasi wa kike: kupasha maji moto, kupanga mabeseni na taulo chumba cha akina mama. Wenzetu wakashikana wawili wawili, tukabaki mimi na yeye. Nikawahi kushika beseni nimtawadhe. Akanizuia: "Leo kaa wewe kwanza."

Mwanangu, kuinama nilikuwa nimejiandaa. Kukaa sikuweza. Nilikaa nikitetemeka, yule mama akanivua kandambili, akapitisha kidole kwenye nyufa za kisigino changu kutoa udongo, polepole, kama anavyoogeshwa mtoto. Hapo nikaona kwamba hata beseni nilitaka kulishika ili niwe juu yake. Petro naye, unakumbuka, alikataa kutawadhwa.

Zamu yangu ilipofika, nikakuta kidole chake gumba hakina kucha. Jembe lilimpiga wakati wa palizi. Mwaka mzima nilikuwa na maneno mengi juu ya huyu mtu, wala sikujua kwamba anachechemea.

Ndiyo maana zile picha za simu ulizonitumia, za mtu anayegawa mchele huku uso ameuelekeza kwenye kamera, zinaniuma. Yule bibi anayepokea hata hajatazamwa.

Kwa hiyo endelea, mwanangu. Ukishausema ukweli wako, usimwekee mwenzako kinyongo. Siku akikwama na kazi, kaa naye umwoneshe, bila kuitangazia ofisi nzima. Na wewe ukikwama, kubali kusaidiwa, hata naye akija. Hilo la pili najua litakushinda zaidi, maana umenirithi mimi.

Jirani yetu sasa magoti yanamsumbua. Jumatano na Ijumaa nampelekea maji.

Sabato ya mwisho ya robo hii tuna meza ya Bwana. Ukipata ruhusa, panda basi la Ijumaa alfajiri ili ufike kabla jua halijazama. Nataka nikutawadhe mimi, kisha nami nitakaa.

Mama yako