Niandikishe M-Pesa yangu Play Store?

SWALI: Asalaam aleikum kaka. Mimi ni fundi wa nguo hapa Majengo. Vipimo vya wateja naviweka kwa programu ya bure ya simu, lakini sasa imejaa, yataka nilipe shilingi 450 ndipo niongeze majina. Mume wangu asema nikiandikisha M-Pesa tu, watakuwa wakijichotea. Idi hiyo yaja, nifanyeje?
Fundi, Majengo

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Nunua. Dera moja au mawili na pesa hiyo imerudi. Hizo za bure nazijua: mteja kasimama mikono juu apimwe kifua, na kioo cha simu kimejaa tangazo la kamari.

Hofu ya mumeo ina msingi, ila ameielekeza siko. Soma kwanza kama walipa mara moja au kila mwezi. Ukilipa mara moja basi. Hata simu ikitumbukia majini pale feri ya Likoni, nunua nyingine ya Android, ingia kwa akaunti ile ile ya Google, urejeshe ulichokinunua. (Vipimo vyenyewe ni habari nyingine. Kama programu haiweki nakala mtandaoni, daftari lako usilitupe.) Malipo ya kila mwezi ndiyo yaliyoliza wengi. Mtu huifuta programu akadhani yamekwisha, kumbe bado akatwa! Kufuta hakusitishi kitu. Ingia Play Store, bonyeza picha yako juu, fungua malipo na usajili, usitishe huko.

Kadi ya benki si lazima, M-Pesa yakubaliwa hapa Kenya. Ukishaiandikisha, nenda kwa mipangilio ya Play Store uamuru iulize nenosiri au kidole kila inaponunuliwa kitu. Hili usilipuuze kama wanao huichezea simu yako, maana mtoto hajui kuwa almasi za mchezo ni pesa za mamake. Na ukijuta, usikawie: ndani ya saa 48 waweza kuomba Google wakurejeshee, ingawa si kila ombi hukubaliwa.

Atatokea pia shoga wa kukutumia faili ya programu hiyo kwa WhatsApp, "yote wazi, bure kabisa". Mshukuru, kisha uifute. Hujui nani kaifumua na katia nini ndani, na M-Pesa yako imo kwenye simu hiyo hiyo.