Mhadhiri anazuia alama za mdogo wako: zitoeni alama mikononi mwake kwanza

Mkuu, umeuliza kama mdogo wako wa kike, aliye mwaka wa pili hapa Tanga, aandike malalamiko dhidi ya mhadhiri aliyemwambia alama zake za kosiweki, yaani kazi na majaribio ya kabla ya mtihani wa mwisho, "zitakaa sawa" akienda kumwona nje ya chuo. Wengi waliokujibu wamesema anyamaze amalize shule. Mmoja amekushauri mkusanye vijana mkamfumanie gesti. Nakuomba uyaache yote mawili.

Kabla ya kustaafu nilikuwa katibu wa kamati ya maadili kwenye chuo kimoja mkoani hapa. Malalamiko ya aina hii yamepita mikononi mwangu, mengine yakafika mwisho unaoeleweka, mengine yakafia kwenye droo za wakubwa. Yale yaliyofika, karibu yote, alama za mwanafunzi zilitolewa mikononi mwa mhadhiri kabla hatujaanza hata kuuliza kama ana kosa.

Fikiria binti anavyoishi wakati kamati inasubiri akidi itimie. Mtihani wa mwisho unakaribia, kosiweki yake haimo kwenye mfumo, na vyuo vingi asiyefikisha 16 kati ya 40 haruhusiwi kukaa mtihani. Anayemlalamikia ndiye anayeshika kalamu. Hapo ndipo wengi hurudi ofisini kwangu macho mekundu, wakaniambia, "Mzee, naomba barua yangu, yameisha." Hayakuwa yameisha. Walikuwa wanaogopa kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli.

Kwa hiyo ombi la kwanza kwenye barua ya mdogo wako lisiwe "mhadhiri aadhibiwe". Liwe: naomba kazi zangu za somo hili zisahihishwe na mhadhiri mwingine, na alama zangu zipitie kwa mkuu wa idara mpaka shauri liishe. Ombi hilo halimhukumu mtu, wala halihitaji ushahidi wa kosa. Mkuu wa idara anaweza kulikubali asubuhi na likatekelezwa kabla ya magharibi. Binti akishajua mtihani wake uko salama, atasimama na maneno yake hadi mwisho.

Nikupe mfano mmoja, ingawa nitaficha ya kufichwa. Binti wa kutoka Muheza alikuja na malalamiko kama haya haya. Hatukuomba alama zake peke yake, tuliomba za darasa zima, tena za masomo matatu tofauti, ili mhadhiri asijue nani kalalamika. Zikaja mezani karatasi mbili. Moja ni picha aliyopiga CR, mwanafunzi mwakilishi wa darasa, siku alama zilipobandikwa ubaoni. Nyingine ni ile iliyopelekwa ofisi ya mitihani. Kwenye picha binti ana 26. Kwenye karatasi ya ofisini, mstari wake umepakwa wino mweupe, umekauka na kupasuka kidogo pembeni, na juu yake imeandikwa 14 kwa kalamu ya bluu. Darasa lote limeandikwa kwa nyeusi. Tukashuka na kidole mstari kwa mstari: wino mweupe ukatokea tena kwa wasichana wengine wawili, ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa amelalamika.

Mhadhiri aliitwa. Alipewa tuhuma zake kwa maandishi, akapewa muda wa kujibu, akaja na mwenzake wa kumsaidia kujitetea. Alisema amewapunguzia alama kwa utoro. Jibu hilo si la kudharau, utoro upo, na kanuni za baadhi ya masomo zinaruhusu. Tukaomba daftari la mahudhurio. Wamo vijana wa kiume waliokosa vipindi mara nyingi kuliko mabinti wale, na alama zao hazijaguswa. Alinyamaza muda mrefu sana.

Nakuhadithia hili uone kwamba aliyelibeba shauri hakuwa yule aliyepiga kelele zaidi, ni CR aliyetunza picha kwenye simu. Mdogo wako naye atafute vitu vya aina hiyo: kazi zilizorudishwa zikiwa na alama, karatasi ya kusaini siku ya kukabidhi kazi, ujumbe wa WhatsApp. Meseji asizifute, na simu yenyewe aitunze, maana picha ya skrini peke yake hubishiwa kirahisi. Aandike kwenye daftari tarehe, mahali, na maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa. "Ananisumbua" haichunguziki. "Tarehe fulani baada ya kipindi cha saa nane aliniambia hivi, fulani akiwa mlangoni" inachunguzika.

Kuhusu hilo la kumfumania, acheni kabisa. Mtaumizana, na kesi itageuka kuwa yenu. Kama anaendelea kudai, hiyo ni rushwa ya ngono, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaitaja wazi: mwenye mamlaka akidai ngono au upendeleo mwingine ili atoe kilicho haki ya mtu, kule kudai kwenyewe ni kosa. Haihitajiki binti awe amekubali wala amefika popote. Pigeni TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, namba 113, haina malipo, au nendeni ofisi yao ya mkoa. Mtego wanaujua wao, na ushahidi wao unasimama mahakamani. Chuo na TAKUKURU si lazima mmoja amsubiri mwenzake. Chuo kinashughulikia ajira na alama, wao wanashughulikia jinai. Kama chuo chake kina dawati la jinsia, aanzie hapo, hasa kama mkuu wa idara ni rafiki wa huyo mhadhiri. Na msimtupe mtandaoni kwa jina na picha. Mkifanya hivyo mnampa nafasi ya kuwa yeye ndiye mlalamikaji.

Sasa jambo linaloniuma zaidi. Katika shauri lile nililosimulia, wazee wa upande wa mhadhiri walimfuata mjomba wa binti nyumbani kwake Makorora baada ya swala ya Ijumaa. Wakapokewa kwa heshima, kahawa ikaletwa, wakaomba yaishe kifamilia, mwenzao ana watoto wadogo. Mjomba alikaribia kukubali. Mimi ni mtu wa pwani na suluhu naiheshimu. Mhadhiri anayekosa vipindi au kulazimisha darasa kununua vitini vyake, mkae naye, akubali, arekebishe, hakuna haja ya kuvunja ajira ya mtu. Lakini hili si la mjomba kusamehe. Aliyedaiwa ni binti, na nyuma yake kulikuwa na wale wawili wa wino mweupe ambao wazee hawakujua hata kama wapo. Wakija kwenu, wapokeeni vizuri, muwaambie suala liko chuoni.

Usikasirike pia ukiona chuo kinampa huyo mhadhiri haki zake zote. Kanuni za kazi za mwaka 2007 zinataka mwajiriwa wa sekta binafsi apewe taarifa ya kikao cha nidhamu si chini ya saa 48 kabla, na vyuo vya serikali vina taratibu zao za utumishi. Akifukuzwa kwa pupa, anakwenda CMA, tume inayoamua migogoro ya kazi, au anakata rufaa, utaratibu unaonekana mbovu, anarudi darasani kifua mbele. Nimeona ikitokea, na mabinti waliotoa ushahidi wakakutana naye koridoni.

Barua iwe ukurasa mmoja, imwendee mkuu wa idara au mshauri wa wanafunzi, nakala kwa naibu mkuu wa chuo anayesimamia taaluma. Apeleke mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, arudi nayo. Masijala wakikataa kugonga, aandike jina la aliyepokea na saa. Wasipojibu, barua ya pili iende na kivuli cha ile yenye muhuri, na nakala safari hii iende Tume ya Vyuo Vikuu, au NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, kama chuo chake kiko chini yao. Kama anataka mtu wa kuisoma kabla hajaipeleka, nitumie PM, majina na namba ya usajili muwe mmeviondoa.