Jumamosi ya nane

SWALI: Naandika kwa C (lugha ya programu) jedwali la kilo za karafuu, int kilo[3][7], wiki 3 kwa siku 7. Kitanzi changu cha ndani, kinachorudia siku (j), ni j <= 7. Kila wiki inatoa namba 8, na ya mwisho ni Jumamosi ya wiki ijayo! Msomaji, Wete.

JIBU: C huanza kuhesabu na 0, kwa hiyo siku zako ni 0 hadi 6. Andika j < 7. Mistari ya jedwali, yaani wiki zako, hukaa ikifuatana kwenye kumbukumbu, ndipo kilo[0][7] ikaangukia pa kilo[1][0]. Kompaila (programu inayotafsiri msimbo wako) hailazimiki kukuonya. Kuchapisha si hatari sana. Ukisoma kwa scanf (amri ya kupokea namba na kuziweka kwenye jedwali) na kosa hilohilo, wiki ya tatu huandika nje ya jedwali, na huweza kuharibu kigeu jirani (thamani nyingine iliyohifadhiwa pembeni) kimyakimya.