Maswali na majibu: akaunti ya faiawoli ni ya nani?

Maalim, hoteli yetu iko Shela, Lamu. Mimi, mhasibu na kijana wa mapokezi sote twaingia kwenye faiawoli, kile kifaa kinacholinda mtandao wetu, kwa akaunti moja ya "admin". Sisi twaaminiana. Pana ubaya gani?

Ndugu yangu, ubaya utauona siku waifai ya wageni itakapokutwa imefunguliwa njia mpaka kwenye kompyuta za hesabu. Mtafungua kumbukumbu za kifaa, msome: 02:14, admin, amebadilisha kanuni. Admin yupi? Hapo ndipo kuaminiana kunapovunjika, na asiye na kosa hana pa kujitetea.

Fungueni akaunti tatu kwa majina ya watu. Wewe uwe na mamlaka kamili. Mhasibu aone bila kubadilisha. Kijana, kama kazi yake ni kuwatolea wageni namba za waifai, apewe ukurasa huo tu. Faiawoli nyingi zinazo daraja hizo tayari. Akihamia hoteli nyingine, mnazima akaunti yake siku ile ile, wala hamgusi za wengine.

Nywila ya kiwandani msiiache hata siku moja. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta laki kadhaa duniani, na haikuwa na ujanja mwingi: ilijaribu orodha fupi ya majina na nywila za kiwandani, basi. Pia hakikisheni saa ya kifaa inajirekebisha yenyewe kupitia mtandao. Umeme ukikatika, baadhi ya vifaa huamka na tarehe ya miaka ya nyuma, na kumbukumbu za namna hiyo hazimsaidii mtu.

Mimi ni karani wa chama cha akiba, Malindi. Mkaguzi ataka kila mtu abadilishe paswadi kila siku 30. Watu wamechoka. Ni lazima?

Dada, wana haki ya kuchoka. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, katika mwongozo wake wa 2017 ilishauri watu wasilazimishwe kubadilisha nywila kwa kufuata kalenda, ila pakiwa na dalili kuwa imevuja. Sababu yajulikana kwa kila aliyekaa ofisini: mwenye Malindi01! mwezi ujao ataweka Malindi02!, kisha Malindi03!. Anayeijua ya kwanza anazijua zote.

Kinachosaidia ni urefu. Pale ambapo nywila ndiyo kinga pekee, toleo la 2025 la mwongozo huo linataka herufi zisizopungua 15. Maneno manne yasiyohusiana yanatosha, na mtu huyakumbuka bila kuyabandika chini ya kibodi. Ongezeni namba ya uthibitisho kutoka kwenye simu kwa kila msimamizi. Mkipokea malipo ya kadi, someni kanuni za PCI DSS, zile za usalama wa kadi za malipo, kabla ya kubishana na mkaguzi: pasipo uthibitisho wa pili, zinataka nywila ibadilishwe kila siku 90. Hata hizo hazitaji 30.

Nikikosea nywila mara ngapi kifaa kinifungie?

Mara tano, kwa dakika 15. Usiweke kufunga kusikokuwa na mwisho, maana mtu mwovu atakosea makusudi ili akufungie wewe. Weka pia akaunti ya pili ya msimamizi, nywila yake ndani ya bahasha iliyofungwa, kwenye kabati lenye ufunguo.

Fundi wetu yuko Mombasa. Anataka ukurasa wa usimamizi wa faiawoli uwe wazi upande wa intaneti, asilazimike kupanda basi mpaka Mokowe kisha boti. Nikubali?

Hapana, na hapa nakusihi. Ukurasa ulio wazi kwa fundi uko wazi kwa dunia nzima, na wapo wanaopekua intaneti usiku na mchana wakitafuta kurasa hizo hizo. Mfungulie VPN, yaani njia ya faragha ya kuingia kwenye mtandao wenu kutoka mbali, yenye akaunti yake mwenyewe na uthibitisho wa pili, na ukurasa usikubali kufunguka ila kupitia huko. Akaunti yake uizime kazi ikiisha. Akiihitaji tena, akupigie simu uiwashe.