Nilikuwa mtoto wa kunyata, leo nafunga njuga

Nyumba niliyokulia iko Dodoma, na sakafu yake naijua hadi leo. Najua palipokuwa na ufa, najua ndoo ikiburutwa wapi inapiga kelele, na najua mlango upi ulitaka kuinuliwa kidogo ndipo ufunguke bila kulia. Mtoto wa miaka minane hajifunzi mambo hayo kwa kupenda. Mama alipofariki nililelewa na baba mdogo, na baba mdogo hakutaka kusikia mtu akitembea ndani. Akisikia, mkanda. Basi nikanyata. Nilinyata kwenda chooni, nikanyata kwenda kuchota maji, nikanyata hata shuleni ambako yeye hakuwepo. Majirani walinisifu: "Huyu mtoto ametulia jamani."

Mengine ya nyumba ile sitayaandika. Nataka kuandika yaliyotokea miaka 23 baadaye, nikiwa na miaka 31, nina kazi Dar es Salaam, nina mtoto mchanga, na mwili bado unanyata: jinsi kucheza ngoma kulivyonisaidia.

Ofisini nilikuwa nawashtua watu. Naingia, nasimama nyuma ya mtu, hajasikia kitu. Usiku funguo za jirani zikigonga geti, mimi nimeshakaa kitandani moyo unakwenda mbio, ilhali akili inajua kabisa kwamba ni jirani anarudi kutoka zamu. Mtu akiinua mkono kujiweka sawa kilemba, kichwa changu kimeshainama. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto hapa Tanzania, na karibu robo tatu ya vijana wa miaka 13 hadi 24, wa kike na wa kiume, walisema walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Niliposoma takwimu ile nilianza kuwatazama abiria wenzangu kwenye daladala kwa jicho jingine.

Nilianza na mshauri nasaha, na wewe ninakuomba uanze huko. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba mtu akiwa hatarini mwili humwaga adrenalini, moyo unakwenda kasi na misuli inakaza ili apigane au akimbie. Mtoto hawezi kupigana na mtu mzima. Na akikimbia aende wapi, wakati chakula na godoro viko humo humo? Basi anaganda. Jambo hilo likijirudia miaka na miaka, mwili huzoea kukaa macho hata mwenye mkanda akiwa mkoa mwingine.

Nilikwenda kwa yule mama miezi saba. Alinisaidia sana. Lakini kufikia mwisho niliweza kusimulia kisa changu chote bila chozi, kama mtu anayesoma taarifa ya habari, na bado geti likigongwa naruka. Kichwa kilikuwa kimeelewa; magoti hayakuwa na habari. Ni yeye aliyeniuliza kama kuna kitu chochote ninachofanya kwa mwili wangu ambacho si kazi wala kulea. Sikuwa nacho.

Kikundi cha kwanza cha ngoma nilichojiunga nacho nilidumu wiki tatu. Mwalimu alikuwa na kifimbo. Ukikosea hatua anakugonga kwenye kifundo cha mguu, kidogo tu, huku anacheka, na wenzangu walicheka pia. Siku aliyonigonga mimi niliendelea kucheza vizuri mpaka mwisho, nikafika nyumbani, na kitu nilichokuja kukikumbuka ni kwamba nimekaa jikoni gizani na maji ya chai yamekauka kwenye sufuria. Sikurudi. Kwa hiyo ukitafuta mahali pa kucheza, nenda kwanza ukakae pembeni siku mbili utazame. Tazama mwalimu anarekebishaje mtu aliyekosea. Anamshika bila kumuuliza? Anamwigiza ili wengine wacheke? Mtu akitoka kwenda kunywa maji, anasemwa? Umahiri wa mwalimu mimi niliuweka mwisho kabisa.

Kikundi cha pili kinaongozwa na mama mtu mzima tunayemwita Bibi, Mgogo kama mimi, na tunafanya mazoezi Alhamisi jioni kwenye uwanja wa nyuma ya nyumba yake. Siku ya kwanza aliniuliza, "Mama, kuna mahali hutaki kuguswa?" Swali lenyewe lilikuwa jepesi kama kuuliza nanywa chai ya rangi au ya maziwa. Nikasema mgongoni. Akasema haya. Miaka minane sasa, mkono wake haujawahi kugusa mgongo wangu.

Kisha akanipa njuga.

Kwa asiyezijua, ni vikengele vya chuma vinavyofungwa mguuni, na Wagogo tunazitumia sana katika ngoma zetu. Ubaya wake, au uzuri wake, ni kwamba haziwezi kunyamaza. Ukisogeza mguu ukae vizuri, zinalia. Ukijikuna, zinalia. Mimi nilizifunga nikasimama kama nguzo dakika kumi nzima, wenzangu wanacheza, kwa kuwa hatua moja tu ingemwambia kila mtu niko wapi. Bibi hakunihimiza. Alikuja akasimama kando yangu na njuga zake, akakanyaga mara moja. Akangoja. Akakanyaga tena. Mara ya sita au ya saba nikamjibu, mguu mmoja, chah. Nilitetemeka mwili mzima. Hakuna aliyegeuka kunitazama, na hilo ndilo jambo ambalo mwili wangu ulikuwa haujawahi kuambiwa: kwamba mtu anaweza kupiga kelele na isifuate adhabu.

Sisemi hii ni elimu mpya. Watu wa Pwani wamepunga pepo kwa ngoma tangu zamani, na ingawa siamini kwamba kiwewe ni pepo, naona jinsi mgonjwa alivyowekwa katikati ya watu, akapigiwa, akaachwa atikisike na alie mbele yao. Huko Marekani, mcheza dansi Marian Chace alianza mwaka 1942 kufanya kazi na wagonjwa wa akili katika hospitali ya St. Elizabeths, Washington, na mwaka 1966 wataalamu wa tiba ya aina hiyo wakaunda chama chao, yeye akawa rais wa kwanza. Karibu na ninapoishi sijapata hata mmoja aliyeisomea. Nina Bibi, na nina mshauri nasaha ambaye sijawahi kumwona akicheza. Nawahitaji wote wawili. Kanisani wapo waliosema narudia mambo ya mizimu. Niliwaalika Alhamisi moja. Mmoja alikuja, sasa anapiga muheme, zile ngoma ambazo wanawake wa Kigogo huzibana katikati ya mapaja wakipiga.

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni "cheza tu, jiachie". Kwa mtu aliyeumizwa, kujiachia ndilo jambo la mwisho, na akilazimishwa mapema anaweza kuumia upya. Mimi nilianza na mganda, ngoma ya watu wa Ziwa Nyasa, yenye mistari na hatua zilizonyooka, unajua kabisa mguu unaofuata ni upi. Utaratibu ule ulinituliza. Sindimba ya Wamakonde, ambayo kazi yote iko kiunoni, niliikataa miaka miwili. Wakianza sindimba mimi naenda kukata vitunguu vya chakula cha usiku cha Bibi. Hakuna aliyeniuliza. Siku nilipoingia mstarini mwenyewe, Bibi alisema tu, "Leo vitunguu atakata nani?"

Ukianzia nyumbani peke yako, anza na miguu. Vua viatu, funga kanga kiunoni, simama mahali unapouona mlango, na acha macho wazi, maana kuna tunaofumba macho tukarudi kule kule. Weka wimbo mmoja tu, usiokuwa wa enzi zile za nyumba ile. Nyimbo hurudisha kumbukumbu mbaya, kama harufu. Kanyaga polepole, sikia sakafu inavyorudisha mguu. Ukijisikia kwamba mikono si yako, au chumba kimesogea mbali, usijikaze: simama, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona, kunywa maji. Wimbo ukiisha, umemaliza. Dakika nne zinatosha sana mwezi wa kwanza.

Zoezi lililonifaa kuliko yote ni la kusimama. Mpiga ngoma anapiga, tunacheza kwa nguvu, na mmoja wetu akiinua kitambaa, ngoma inakata hapo hapo. Kila mtu ana zamu ya kitambaa. Zamu yangu ya kwanza niliinua mara kumi na moja, mpaka mpigaji akaweka fimbo zake chini akacheka. Nilikuwa sijawahi kusema "basi" kitu kikubwa kiasi kile kikanyamaza.

Itakuja siku mbaya. Yangu ilikuja mwaka wa pili: katikati ya mazoezi nilinusa mkanda wa ngozi uliolowa jasho, ulikuwa mkanda wa ngoma tu, nikaganda. Sikusikia kitu kwa muda ambao wenzangu wanasema ulikuwa dakika tano. Wiki mbili zilizofuata sikulala vizuri, nikarudi kwa mshauri nasaha. Kama huna wako, hospitali nyingi za rufaa zina kitengo cha afya ya akili, na halmashauri ina afisa ustawi wa jamii. Ukiona unawaza kujidhuru, usingoje Alhamisi ya mazoezi, nenda leo, na mtu unayemwamini akusindikize. Na kama unayesoma hapa bado ni mtoto, au unamjua mtoto anayenyata, piga 116, ni Simu kwa Mtoto, haina malipo. Vituo vya polisi pia vina Dawati la Jinsia na Watoto.

Sasa la baba mdogo. Watu huniuliza kama nilimkabili. Nilikuwa na ndoto hiyo, kwamba siku moja ataniona nikicheza na njuga zangu atajua. Ndoto hiyo iache. Miaka mitatu iliyopita tulialikwa kucheza kwenye harusi ya binamu yangu, na alikuwepo, amezeeka, ana fimbo ya kutembelea. Ngoma ilipokolea watu wakaanza kututunza. Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo tunavyosema. Naye akanyanyuka, akaja na noti ya elfu kumi, akainua mkono ili anibandike kwenye paji la uso.

Mkono ule ule.

Sikusema neno la kishujaa. Nilirudi nyuma hatua mbili, njuga zikalia, noti ikaanguka. Bibi, bila kukosa mdundo, aliingia kati yetu, akaiokota, akamshukuru kwa kupiga goti kidogo na kumgeuza arudi kitini. Nikaendelea kucheza, vibaya, nje ya mstari. Baba mdogo alikuwa anatabasamu. Sidhani kama alijua chochote. Usiku ule nililia, na wiki nzima geti likigongwa nilikaa kitandani kama zamani. Kisha ikapungua. Zamani isingepungua.

Wanaume mnaosoma hapa: kwenye kikundi chetu mpo watatu tu, na mmoja alikaa mwaka mzima akibeba maji na kupanga viti kabla hajathubutu kuingia. Njooni hata kama ni kubeba maji.

Siku hizi nikitoka mazoezini nafika nyumbani saa mbili usiku, njuga ziko kwenye mfuko na zinalia kila ngazi. Mwanangu ana miaka tisa. Alhamisi iliyopita alifungua mlango kabla sijagonga, daftari la hesabu mkononi, amenuna.

"Mama, unapiga kelele. Nasoma."

Nikamwambia samahani baba, nikaingia, zikalia tena.